Robo Tatu ya Klorini Siku ya Posa

Aibu yangu naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia Kibokoni, maana kule kila baraza inayo na kila mmoja ameitia chumvi yake: mimi, mwalimu wa kemia, nilishindwa na hesabu ya mtoto wa shule siku niliyokwenda kumposa Nasra.

Tulikuwa sebuleni wanaume watupu, mimi na baba, na ami yake Nasra aliyemlea, muuza leso wa Biashara Street (Nasra na mamake wako chumba cha ndani, pazia tu katikati). Ami, kutaka kunipima, akamwita mdogo wake Nasra alete daftari. "Mwalimu, hebu mtazamie huyu hesabu yake. Wataka kalamu?" Nikasema haina haja, hii ni ya kichwani. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Swali lenyewe jepesi: klorini ina atomi za aina mbili, moja uzani wake thelathini na tano, nyingine thelathini na saba, na wastani ni thelathini na tano na nusu, sasa kila aina ni kiasi gani? Nikapata robo na robo tatu, sawasawa kabisa, ila (jasho lanitiririka, kanzu mpya yaniwasha shingo) nikazigawa kinyume, nikatangaza thelathini na saba ndiyo robo tatu. Msichana akafunua majibu nyuma ya kitabu, akasema humu majibu yako vingine. Nikamwambia kitabu kimekosea. Baba akakohoa, nami nikaendelea tu kuwalaumu wapiga chapa, mpaka ikatoka sauti ya upole nyuma ya pazia.

"Ami, mwambie mgeni wastani uko karibu na thelathini na tano. Basi hizo ndizo nyingi."

Ami alicheka mpaka akavua kofia akafuta macho. Mimi natamani ardhi ipasuke, maana Nasra nilimpenda, siwafichi, na posa niliiona yaenda na maji.

Halafu ami akaligeukia pazia. "Nasra, mwanangu, umemsikia mwenyewe alivyo. Wamtaka au humtaki?"

Kwetu mwari akiulizwa hivyo akanyamaza, amekubali. Asiyetaka ndiye husema. Na huyu ulimi wake tushauona. Tukangoja. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, kisha basi, hakusema neno.

Sasa twakaa Tudor, alhamdulillahi, na nimeapa: nikiletewa hesabu mbele ya wakwe naisoma, nasema swali zuri hili, kisha nampa mke wangu.