Siku Mama Alipopasha Aiskrimu

Chini ya ghorofa ninayoishi hapa Pipeline, Nairobi, kuna kijana anayekaanga chipsi, na kila jioni harufu ya mafuta yake hunitangulia ngazini na kuingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Mafuta hayo yanatumika tangu Jumatatu, sijui Jumatatu ya mwezi gani. Vitabu vya shule huziita vibanzi, watu wa huku huziita chipsi mwitu, nami ningeziita jina jingine ila huenda watoto wakasoma hapa. Ni viazi vilivyolegea, vikamwagiwa sosi nyekundu iliyozimuliwa na maji mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa nyanya. Na bado watu wazima, waliolelewa vizuri na mama zao, wanazipangia foleni.

Nitasema wazi: nazidharau. Nawadharau na kuku wanaouzwa ndani ya maboksi yenye picha ya kuku anayecheka. Mjinga gani anacheka akipelekwa kuliwa? Na aiskrimu ndiyo naidharau kupita vyote. Mtasema nina wivu, au tumbo bovu. Tumbo langu ni zima kabisa. Dharau hii ina mwenyewe, naye aliitwa Anti Florence.

Anti Florence alikuwa dada mkubwa wa Baba. Ndiye aliyembeba mgongoni wakiwa wadogo kule Ukambani, na jambo hilo hakulisahau wala hakumruhusu mtu mwingine alisahau. Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu aliyeweza kugombana na madalali wa soko la Gikomba mpaka wakamwachia bei yake. Lakini mbele ya dada yake alirudi kuwa mtoto wa mgongoni. Akiambiwa kaa, alikaa. Sisi tuliishi Shauri Moyo, chumba kimoja chenye pazia katikati. Anti aliishi mtaa wenye lango na mlinzi, pamoja na mume wa ofisini ambaye sikumbuki kama aliwahi kufungua mdomo. Hawakujaliwa mtoto.

Alikuja kwetu siku za Jumapili, baada ya ibada. Kabla ya kukaa alipangusa kiti kwa kitambaa chake, kiti alichokitengeneza Baba kwa mikono yake mwenyewe, kisha akanusa. Nyumba yetu Jumapili ilinukia muthokoi. Kwa asiyejua, hayo ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, yakachemshwa na maharagwe polepole, halafu yakakaangiwa vitunguu. Mama aliyabandika kabla hatujaenda kanisani. Chakula hicho kikishaingia tumboni hukaa humo kama mpangaji aliyelipa kodi.

"Kwani bado mnakula hii kitu?" Anti aliuliza, huku akiweka boksi lake la chipsi na kuku mezani.

Na jinsi alivyolibeba boksi hilo! Hakulitia mkobani. Alilishika kifuani, maandishi yakitazama nje, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu, ili Shauri Moyo yote isome ametoka wapi. Kufikia hapo chipsi zilikuwa zimepoa, zimeshikana kama nywele za mtu aliyelala na mafuta kichwani. Sitawadanganya, nilizila zote na kuilamba ile karatasi ya ndani. Nilikuwa mtoto, na mtoto hana adabu mbele ya chumvi.

Lakini niligundua kitu. Paja la kuku lilikwenda kwa Mwende kila mara. Mwende ni mdogo wangu wa pekee, na wakati huo alikuwa bado hajaanza shule, kifua chake kikipiga mluzi kila msimu wa baridi. Siku moja Anti akampakata, akampapasa nywele, akasema kwa kicheko, "Huyu mnipatie mimi, anichangamshie nyumba."

Watu wote walicheka. Katika ukoo wetu mtoto haombwi hivi hivi kama chumvi ya jirani. Anaombwa kwa utani. Mara ya kwanza mnacheka, mara ya pili mnacheka kidogo, na mara ya tatu si utani tena, inabidi mzazi ajibu. Na hakuna ajuaye namna ya kumjibu dada mkubwa hapana. Binamu yetu mmoja alichukuliwa hivyo, ikasemwa ni likizo tu, akarudi akiwa na ndevu.

Jumapili iliyofuata Anti alirudia maneno yale yale. Wiki hiyo Mama alitwanga mahindi kwa nguvu kuliko mahindi yenyewe yalivyohitaji.

"Ni dadangu," nilimsikia Baba akimwambia. "Sasa mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie huyu ni mtoto, si redio ya kuchangamsha nyumba."

Baba aliinamia kinyago chake. Alikuwa akilainisha mguu wa twiga, akaulainisha mpaka ukavunjika.

Basi Jumapili ya tatu Anti akaja na mumewe, na boksi lake, na pia mkebe uliofungwa kwa magazeti. Aliyafungua magazeti taratibu, mkebe ukitoka jasho juu ya meza yetu. Aiskrimu. Sikuwa nimewahi kuiona karibu hivyo. Mume wake alitazama dari.

"Leo wacha tumuulize mtoto mwenyewe," Anti akasema. "Mwende, mami, ukikuja kwangu hii utakuwa unakula kila siku. Iko kwa friji, unajitolea tu."

Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilimtazama dada yangu, naye alikuwa amekodolea mkebe macho, kinywa wazi, na nikajua ameshakwenda. Mtu mzima mwenye nyumba ya vyumba vitatu, mwenye pazia la nailoni na sahani za maua, alikuwa amekuja kumnunua mtoto kwa kitu kinachoyeyuka. Hilo ndilo ambalo sijamsamehe hadi leo, na simsamehe.

Mama akainuka. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akapiga goti kidogo. "Asante sana wifi. Wacha niwapakulie."

Akapita nyuma ya pazia. Tukasikia kiberiti. Tukasikia stovu ya mafuta ya taa ikivuma, kisha mwiko ukigonga sufuria. Anti alikuwa akieleza habari za friji, kwa hiyo hakusikia kitu. Mama akatokea na sinia la vikombe, na vikombe vyote vilikuwa vinatoa mvuke.

"Karibuni. Kifua cha Mwende hakitaki baridi."

Anti alichungulia kikombe, akamtazama Mama, akachungulia tena. "Mama Mutua! Umepika aiskrimu?"

"Nimeipasha kidogo tu, wifi."

"Ai! Jameni! Nani anapasha aiskrimu? Baba Mutua, ona bibi yako!"

Mwende alikuwa ameshashika kikombe kwa viganja viwili. Akanywa. Hata mume wa Anti aliacha dari akamtazama.

"Ni maziwa," Mwende akasema, akakiweka chini. "Iko na sukari mingi. Mama, muthokoi imebaki?"

"Si hivyo, mami," Anti akamwahi. "Ikiwa baridi ndiyo tamu. Huyu mamako ameiharibu."

"Kwako kuna muthokoi?"

"Kwangu hatupikangi hizo."

Mwende akashuka kitini, akaenda kusimama katikati ya magoti ya Mama. Anti akamgeukia Baba, akingoja atumie sauti ya mwenye nyumba. Baba akakohoa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akimtazama dada yake usoni.

"Wewe ndiye umesema tumuulize mtoto," akasema.

Anti hakumwomba Mwende tena. Alichukua hadithi badala yake, akaizungusha kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye vikao vya akina mama kanisani: mke wa ndugu yake, yule wa Shauri Moyo, alibandika aiskrimu jikoni. Kila mwaka aliiongezea kitu. Mwishowe Mama alikuwa ameitia chumvi na majani ya chai. Mimi nilikua nikiitwa na vijana wa mtaa, "Niaje, aiskrimu moto!" Na kila hadithi ilipofika mwisho, Mama alicheka na wengine, akipangusa mikono kwenye leso. Nilidhani hakuwa na la kufanya. Nilidhani kweli hakujua.

Mwaka jana Mwende alimbatizisha mwanawe, na nje ya kanisa kulikuwa na muuza aiskrimu wa baiskeli. Mama akachukua ya koni. Aliizungusha, akalamba pembeni kwanza, akaiwahi kila ilipotaka kutiririka, na hakuna tone lililogusa kitenge chake. Yangu ilikuwa imefika kiwikoni.

"Mama, umejifunza wapi kula hii kitu?"

"Kwa babako. Tukichumbiana alikuwa akiuza kinyago ananinunulia, huko town."

"Kwa hivyo siku ile ulijua haipashwi."

Alinitazama kwa dharau ambayo naona ndiyo niliyoirithi. "Ningemkatalia, ningeitwa mkorofi na bado angemchukua. Heri niitwe mjinga."

Sasa nakumbuka vizuri zile harusi na yale matanga. Anti akianza tu hadithi yake, kabla watu hawajacheka, Mama alikuwa akizungusha macho kati ya watu mpaka ampate Mwende. Akishamwona yuko pale, ndipo naye alipocheka.