Jina Kwenye Kitabu cha Mahabusu

Kituoni Tunduma nilimtaja mdogo wangu kwa jina lake la ubatizo. Askari wa kaunta, dada mmoja mpole, alipitisha kidole kwenye kitabu cha mahabusu, akatikisa kichwa. "Hatuna mtu huyo."

Nikapandwa na hasira. Alikamatwa jana akivusha mchele wa Kamsamba mpakani kwa njia ya panya, na ndala zake, moja imefungwa waya, nilikuwa naziona pale chini ya kaunta, wanapoacha viatu wanaoingizwa ndani. "Afande, sasa hizo ndala zimekuja zenyewe?"

Akaniuliza ukoo wetu. Nilipomtajia akarudi kwenye kitabu, akasoma jina. Lilikuwa jina la baba, na baba tulimzika Hasamba mwaka jana.

Ndipo nikakumbuka. Siku ya kumaliza msiba, wazee walimkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha baba, wakamrithisha jina, kama ilivyo desturi yetu. Mimi niliondoka nimenuna. Baba ni mmoja, na ameshakufa. Sikuwahi kumwita mdogo wangu hivyo hata siku moja.

"Muite mwenyewe," askari akasema, "tuone kama ndiye."

Nikasogelea mlango wa chuma, nikaliita lile jina. Kule ndani gizani mtu akakohoa, kikohozi kile kile cha baba, kisha ikaja sauti nzito, isiyo na haraka:

"Naam, mwanangu."