Mafuta ya Mchaichai kwenye Koti la Baba Mkwe

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni bibi harusi mgeni kule Inyonga, nimeolewa kwenye nyumba ya warina asali. Nilitoka Makanyagio, mjini Mpanda, na kitu pekee nilichojivunia ni chupa ya mafuta. Usinicheke.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kuyatengeneza. Unakatakata majani ya mchaichai, unayachemsha taratibu ndani ya mafuta ya nyonyo mpaka yanyauke, halafu unachuja. Jioni tukikaa uani kumenya karanga, nilijipaka mikononi na miguuni, na mbu wakanipita wakaenda kwa wengine. Wifi zangu wakaanza kuniomba. Nilifurahi, maana mgeni hupenda aonekane ana faida.

Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Mbung'o wa porini walikuwa wamemuuma shingoni mpaka pamevimba, nami nikamwonea huruma. Lakini mkwe hana mazoea na baba mkwe, nisingeweza kumwambia apakwe mafuta. Nikaliona koti lake la kaki kambani, lile la kazi, ambalo hulivaa akishafika kwenye mti wenye mzinga. Nikalipaka mafuta kwenye kola na mikono, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wake. Sikumwambia yeye, wala mume wangu. Nilitaka arudi akisifu, aulize ni nani aliyemfikiria.

Asubuhi baba na mume wangu waliondoka kwa baiskeli. Saa kumi alasiri nikawaona wanarudi, mume wangu anasukuma, baba amekaa nyuma, uso umevimba hata macho hayaonekani, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Mume wangu alitueleza kwamba baba alipanda mtini, yeye akiwafukizia nyuki moshi kutoka chini, na kabla baba hajaufungua mzinga nyuki wakaanza kutua shingoni na mabegani mwake. Alipokuwa anashuka kwa haraka, mkono ukateleza kwenye kamba, akaanguka.

"Moshi wako ulikuwa mdogo," mama mkwe akamwambia mwanawe. "Ungemuua baba yako."

"Labda, mama," akajibu, akainamisha kichwa.

Mimi nimesimama pale na beseni la maji, na harufu ya lile koti imeshanifikia. Nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza pia, huku mume wangu akisemwa na kila aliyekuja kumpa baba pole. Usiku alilala amenigeuzia mgongo, si kwa hasira, kwa aibu tu, na bado sikusema.

Siku ya tatu nilimpelekea baba uji, nikapiga magoti.

"Baba, kwenye koti nilipaka mafuta ya mchaichai. Nilitaka mbung'o wasikuume."

"Najua," akasema. "Nilijua nikiwa bado juu ya mti."

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akanywa uji kidogo, midomo ilikuwa bado mizito. "Mchaichai sisi tunausugua ndani ya mzinga mpya ili nyuki waje. Mbu anaukimbia, nyuki anaufuata. Ungeniuliza ningekwambia, mama, na ningefurahi kuulizwa. Sasa nenda uani ukaseme, mume wako apumzike."

Nilienda, nikasema mbele ya wageni. Mama mkwe akamwita mwanawe aje kula. Baba alichechemea mpaka mvua za mwaka uliofuata, na hakulitaja tena lile jambo.

Basi, mwanangu, mafuta nyie jipakeni mkikaa nje jioni, hata mimi bado najipaka. Ila ukitaka kumtendea mtu wema, muulize kwanza anakwenda wapi na atakutana na nini huko. Hata kama ni mkubwa kwako na unamwonea haya, tafuta wa kukuulizia. Na wema wako ukimdhuru, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku mbili tu, na mume wangu alizibeba zote mbili.

Mungu akupe moyo wa huruma, akupe na mdomo usioona haya kuuliza, wala usiochelewa kusema, "Ni mimi."