Majani ya Kujazia Sambusa

Mwaka wa kwanza tulipohamia Queensbury, huku ng'ambo, Ramadhani iliangukia wakati baridi inaanza kulegea. Nyuma ya nyumba yakaota majani marefu ya kijani, na nilipong'oa shina moja nikakuta kitunguu kabisa chini yake. Nikamshukuru aliyehama kabla yetu kwa kuniachia bustani, nikavuna fungu zima la kujazia sambusa. Huwa naonja kila ninachovuna, ila siku hiyo nilikuwa nimefunga.

Jirani yangu, mama mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akanichungulia juu ya uzio.

"Mwanangu, fikicha jani moja unuse."

Nikanusa. Hakukuwa na harufu ya kitunguu hata chembe.

"Basi hayo ni maua," akasema. "Ukiyala utatapika mpaka ujute."

Yaliyobaki ardhini yalichanua wiki ile ile, manjano tupu, dafodili zile zile zinazouzwa kila duka la hapa. Mpaka leo naishukuru saumu yangu, na yeye namshukuru zaidi.

Siku ile ile, kabla ya magharibi, nilimpelekea sahani ya sambusa za viazi, kwani yeye hakuwa amefunga. Akachukua moja, akainusa kwanza, ndipo akauma.