Debe la Viazi Melini

Nichekeni tu, nimeshazoea. Mimi hufanya kazi kwenye meli ya kuchimba matope katika Ziwa Naivasha. Tunayachota kando ya gati, tunayamwaga katikati ya ziwa, tunarudi kuchota mengine. Lakini nyumbani Molo nilikuwa nimejigamba: "Mimi husafirisha mizigo kwa meli." Mizigo gani, hakuna aliyeuliza.

Basi juzi mama akashuka kwenye lori la viazi pamoja na mchungaji na akina mama wa kanisa. Wamekuja kunisindikiza! Mchungaji akayakemea mawimbi. Mama akanipa blanketi na debe la viazi vya kuchemsha.

"Usimalize mara moja," akasema akilia. "Huko ng'ambo hujui watakulisha nini."

Nami, mjinga kabisa, nikalia pia. Meli ikaondoka nikipunga mkono.

Tukafika katikati, tukamwaga matope, nahodha akageuza. Nikamsihi tuzunguke kidogo. Akakataa. Nikajifunika blanketi kichwani.

Tuliporudi gatini, akina mama walikuwa bado wanaimba wimbo wa kuniaga. Ukakatika ghafla. Mama akanitambua kwa lile blanketi, akaita kwa sauti:

"Mwanangu! Umesahau nini?"