Vifungo vya Kaseba na Taarifa ya Fanfari

Harufu ya bombardoni sijaikuta tena mahali pengine. Ni shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu, mafuta ya pistoni, vile vitufe vinavyobonyezwa kwa vidole, na pumzi za wanaume zilizobaki ndani ya bomba miaka mingi. Baba yangu ndiye aliyekuwa anapuliza lile tarumbeta nene kuliko yote, lenye sauti ya chini inayotikisa vikombe mezani. Nyumbani kwetu, katika cité ya Élisabethville, mitaa ya watu weusi, lililala kitandani kwangu upande wa ukuta, kwa sababu chumba kilikuwa na kona moja tu isiyovuja. Mvua zilipoanza, mama alilifunika kwanza kwa blanketi langu, kisha akanifunika mimi kwa kipande kilichobaki. Mdogo wangu akisoma hapa atasema blanketi lilikuwa lake. Inawezekana. Nilisoma kwa masista miaka michache tu, na kichwa changu kinashika harufu kuliko kinavyoshika mambo ya nani alikuwa na nini. Lakini mvua za mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, hizo nazikumbuka vizuri, maana nusura niiue fanfari, bendi ya tarumbeta ya baba na wenzake, kwa mkono wangu.

Fanfari yetu ilikuwa na wanaume kumi na wanne. Wengi walitoka kaskazini ya Katanga kama baba, wakafanya kazi kwenye reli au kwenye tanuru za shaba. Misheni ilikuwa na fanfari yake, na kampuni ilikuwa na yake yenye glavu nyeupe. Yetu haikuwa na mwenyewe ila wale waliopuliza. Kila mmoja alitoa mchango akipata mshahara, na fedha za arusi ziliingia zote kwenye mfuko wa pamoja, hakuna aliyegawiwa hata faranga. Zilinunua ngozi ya ngoma kubwa, kitambaa cha kofia, na solda ya kuziba matundu. Mwaka wao ulikuwa na njia yake: maandamano ya Ekaristi wakati wa baridi, arusi za kiangazi (moja walikwenda kwa miguu hadi Kasungami, wakalipwa magunia mawili ya mahindi), makaburini mwezi wa Watakatifu Wote, kisha Noeli. Maziko walipiga bure. Wafiwa wakitoa kuku, kuku aliliwa palepale na wote waliokuja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na sikumbuki kama iliandikwa popote.

Mweka hazina alikuwa Kaseba, fundi cherehani wa sokoni, ambaye hakujua kuandika wala hakuona sababu ya kujua. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na kila fanfari ilipotoka alitia humo kifungo kimoja. Cheupe kilikuwa arusi, cheusi maziko, cha shaba maandamano. Ukichukua kifungo chochote ukakiweka kwenye kiganja chake, alikigeuza mara mbili, akafumba macho, kisha akakuambia siku ile walikuwa wapi, nani alichelewa, kiasi gani kiliingia na kiasi gani kilitoka. Watu walimjaribu sana. Walimficha kifungo, wakakirudisha baada ya wiki, naye akakijua. Mimi naamini kila kimoja kilikuwa na mkwaruzo wake. Mama aliamini ni kipaji. Sikupata kumuuliza.

Lakini serikali haikusoma vifungo. Kila chama cha watu weusi kilitakiwa kupeleka ofisini, mwisho wa mwaka, taarifa ya kazi zake na fedha zake, la sivyo kibali kinakatwa, na bila kibali huwezi kupuliza hata nje ya mlango wako. Katibu wetu alikuwa amehamishiwa Kamina na watu wa reli. Waliobaki walijua kutia msalaba mahali pa jina, basi. Baba akasema ataandika binti yake, yaani mimi. Wengine walikataa kabisa kwamba mtoto mwanamke ajue fedha za wanaume, na kwa haki yao niseme hawakuwa na ubaya. Hata mama alifikiri hivyo. Aliyewanyamazisha ni Donati, mkuu wa fanfari, mpiga tarumbeta mwenye mashavu kama mikate. "Bantu benyewe banajua kuandika basimame," alisema. Hakusimama mtu. "Basi, karani ni huyu."

Tuliandika siku tatu, mchana baada ya shule, kwenye meza ya cherehani ya Kaseba. Yeye alitoa kifungo, akafumba macho, akasema, nami nikaandika kwa Kiswahili cha masista, mistari ikiwa imenyooka. Baba alikuwa ameniagiza neno moja tu: "Andika yote." Nililichukua neno hilo kama amri ya kanisani. Ndimu niliziandika. Majivu ambayo hayakulipiwa niliyaandika bure. Kuku wa maziko niliwaandika wote, na waliopewa na walioliwa, ili hesabu isawazike. Tulipofika kwenye matumizi ya kila mwezi, Kaseba akasema, "Dawa ya pistoni, chupa moja."

"Dawa gani, tata?" niliuliza; tata ndivyo tulivyowaita wanaume wa rika la baba.

"Dawa, mutoto. Pistoni ikikwama, unaimwagia, inateleza. Donati njo anainunua."

"Lakini iko nini ndani?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa maji ni nini. "Si iko lutuku!"

Nikaandika: lutuku ya kusafisha pistoni, chupa kumi na mbili. Msomaji wa mbali ajue kwamba lutuku ni pombe kali ya mahindi, inayopikwa kwa siri nyuma ya nyumba, na enzi zile aliyeipika na aliyeinunua wote walikuwa watu wa gereza. Nililijua hilo. Kila mtoto wa cité alilijua. Ila kwa miaka mingi katika fanfari ile kitu kile kilikuwa dawa ya shaba, kama mafuta ya taa yalivyo dawa ya papasi, na si Kaseba wala mimi aliyeona pombe pale kwenye karatasi. Kama nusu ya kila chupa iliteremka kooni kwa Donati badala ya pistoni, hilo nilisikia tu, sikuliona, kwa hiyo naliandika kama la kusikia.

Jumapili baada ya misa wanachama walikusanyika kwetu ili niwasomee, wakubali, watie alama. Nilipofika ukurasa wa pili mvua ikashuka juu ya mabati. Anayejua mvua ya Katanga juu ya bati lisilo na dari anajua kwamba hapo hata ukipiga kelele unaonekana kama samaki. Niliendelea kusoma. Waliona midomo yangu inacheza, wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima kabisa. Kisha wakaja mmoja mmoja kuweka misalaba yao. Ningeweza kungoja mvua ipite. Sikungoja, kwa kuwa nilijivuna: nilikuwa nimefika mwisho bila kukwama hata neno moja.

Alhamisi karani wa ofisi, kijana mwenye tai na baiskeli, alileta wito. Mkuu wa fanfari afike kesho yake asubuhi, pamoja na aliyeandika. Alimwambia baba sababu, na baba akawaambia wengine. Walikuja uani kwetu jioni ile jua likiwa bado liko, hakuna aliyekaa. Donati alinijia. Hakunikaripia, na nataka hilo lijulikane. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Karani, kesho utasema ulikosa. Iko petroli. Umesikia? Petroli ya pistoni."

"Nilisikia lutuku, tata Donati."

"Ulisikia muzuri. Sasa ukose muzuri."

Hakuwa anajiogopea yeye mwenyewe. Lutuku ile aliinunua kwa mjane mmoja wa mtaa wa nyuma, mwenye watoto watano, ambaye mume wake alizikwa na fanfari ile ile. Wakimtaka muuzaji, ni yeye watakayemfunga. Kaseba alisema tukiri yote, tuombe radhi. Mwingine akasema ukurasa uchanwe, kana kwamba ulikuwa bado mikononi mwetu. Nilimtazama baba, aliyekuwa ameniambia niandike yote. Alisema polepole, "Utasema kile unajua. Usiongeze, usipunguze." Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kama lilikuwa agizo la busara kumpa mtoto.

Ofisini bwana mkubwa alikuwa mzungu mwenye mafua, leso mkononi. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, na karani alitafsiri huku na huku. Aliuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo. Aliuliza neno lile ni nini. Donati, pembeni yangu, alikohoa kidogo, na mimi nilijua kikohozi kile kilitaka neno gani. Nikasema, "Ni lutuku. Ni ya pistoni." Nilisikia pumzi ya Donati ikitoka yote, kama anapomaliza wimbo mrefu. Bwana akauliza inauzwa na nani. Mimi nilimjua, maana kila siku nilipita mlangoni pake kwenda shule. Nilifungua mdomo, na hadi leo sijui lingetoka neno gani, kwa sababu Donati alisema kabla yangu, kwa sauti ya uwanjani: "Hainunuliwi, bwana. Ninapika mimi mwenyewe."

Alifungwa siku kumi na nne na kutozwa faini. Kibali kilizuiwa hadi Pasaka. Barua ilisema vyombo vya fanfari visipulizwe wala visipigwe popote katika cité.

Sasa wengine wangevificha vyombo vyao na kungoja. Hawa hawakungoja. Jumapili iliyofuata walikuja uani kwetu kumi na watatu, wakapanga viti vyao kama kawaida, wakaweka tarumbeta midomoni na kupuliza pumzi tupu isiyofika kwenye sauti, huku vidole vikicheza juu ya pistoni. Ulisikia tik-tik-tik za vidole, na miguu ikihesabu mavumbini. Mpiga ngoma kubwa aliipiga hewa, ngumi zikisimama kipande cha kidole kabla ya ngozi. Majirani walichungulia uani na kucheka. "Mufalme wao amekufa?" aliuliza mama mmoja. "Hapana," alijibu baba bila kutoa bomba mdomoni, "analala. Musimwamushe." Kila Jumapili walikuja. Mvua ikinyesha, waliingia ndani wakapuliza kimya wamebanana, mimi kitandani pamoja na mdogo wangu. Nami kila Jumapili nilijiambia kwamba kimya hiki ni changu, nimekitengeneza mimi kwa mwandiko mzuri.

Donati alitoka amekonda, mashavu yamelegea. Niliona haya, nikajificha nyuma ya mama. Aliniita mbele ya wote. "Karani mukubwa! Andika: chakula ya kule haina chumvi. Usisahau." Watu wakacheka, nami nikalia. Akaongeza, na hapo hakuwa anacheka, "Mwaka huu tena utaandika weye."

Kabla ya Pasaka mama yake Kaseba alifariki. Miaka yote walikuwa wamewazika wafu wa watu, na sasa wa mweka hazina wao wenyewe hawana ruhusa ya kumpigia. Polisi wawili walisimama njiani tangu asubuhi. Fanfari ilitoka imevaa kofia, mistari miwili, kila mtu na chombo chake kwapani, kimeng'arishwa kwa ndimu. Donati aliinua mkono, na tarumbeta ya kwanza ikatoka mdomoni mwake mwenyewe, bila shaba, ta-ra-ra, sauti nyembamba iliyopasuka kidogo kwa gereza. Tarumbeta ya pili ikamjibu. Baba akaingia chini na bombardoni ya koo lake, bum, bum, na ngoma kubwa ikapigwa kifuani kwa kiganja. Waliimba hivyo kila sehemu, kila kimya na kila kurudi, kutoka nyumbani kwa Kaseba hadi kaburini, kama walivyojifunza uani miezi ile. Polisi walitazamana. Mmoja alisoma tena karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Kaburini Kaseba alitoa kwenye koti kifungo cheusi, akakishika mpaka mwisho. Kisha akanionyesha, akakitia koponi.

Pasaka kibali kilirudi. Mwisho wa mwaka tuliketi tena kwenye meza ya cherehani, na kifungo kile kilipotoka, Kaseba hakufumba macho. Aliningoja mimi. Je, fanfari ilipiga siku ile au haikupiga? Nikiandika ndiyo, ofisi itasema tulivunja amri. Nikiandika hapana, nitamwongopea Kaseba juu ya mama yake. Niliandika: maziko moja, kwa midomo. Safari hii hatukuwa na mvua, nikawasomea kwa sauti, na hakuna aliyeniambia nifute. Kwenye matumizi niliandika pia faini ya Donati, iliyolipwa na mchango wa wote, na petroli ya pistoni, chupa kumi na mbili, ambayo kweli ilikuwa petroli. Donati aliisikitikia lutuku hadi kufa kwake.

Mwaka huu mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu pale Kasapa aliniletea taarifa ya fanfari ya parokia yao, ili bibi afurahi. Imechapwa kwa mashine, ina safu na mihuri, na mstari wa mwisho unasema "matumizi mengine." Nilimuuliza mengine ni nini. Akacheka: "Bibi, mengine ni mengine." Sisemi ni wezi. Nilisikiliza fanfari yao, na kwa haki wanapiga vizuri kuliko tulivyopiga sisi, na vijana wao hawajui gereza. Huenda kama ningeandika "mengine" utotoni, Donati asingelala ndani siku hata moja, na mashavu yake yangebaki. Nimeliwaza hilo miaka yote na sijaweza kujisamehe kabisa, wala sijaweza kutamani niwe nimeandika vingine. Kopo la Kaseba liko kwangu, alinipa mwenyewe. Siwezi kusoma vifungo vyake, vyote vinafanana mkononi mwangu, isipokuwa kimoja cheusi. Nilimwonyesha mjukuu, nikamwambia siku ile tulikuwa wapi, nani alichelewa, na ilipigwaje.