Ukuta wa Mawe ya Timbo

Mimi sikusoma. Darasa la nne nilitoka nikaingia timbo kule Waa, nikachonga mawe ya matumbawe kwa shoka mpaka viganja vikawa kama kwato. Leo ukipita Ukunda, hizo nyumba unazozisifu, nyingi mawe yake yametoka kwangu. Jiwe nalijua kama mtu anavyomjua mwanawe. Nakwambia haya kwa sababu jiwe ndilo lililoniumbua.

Shamba langu la minazi liko Msambweni. Kunguru walikuwa wakinimalizia vifaranga, nikaomba kibali, nikapata bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba kama kalamu. Aliyenifundisha kuitumia alikuwa askari mstaafu. Alinambia kabla sijalenga kitu nitazame kwanza kilicho nyuma yake, na nikitaka kujifunza shabaha nirundike tuta la udongo mtupu, lisilo na kokoto, lenye kunipita urefu. Risasi hii ndogo watu huidharau, akasema, lakini ikipiga kigumu haifi pale pale. Hudunda, na hakuna ajuaye itakwenda wapi.

Nikaitikia vizuri sana. Nilipofika nyumbani nikajenga ukuta wa mawe.

Udongo niliuona ni kazi ya mtu asiye na kitu. Mimi mawe ninayo. Yalikuwa uani, masalio ya nyumba yangu, yamekaa pale miaka. Tena nilijiambia, tumbawe ni laini, shoka huingia, risasi itazama tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa mkwezi wangu. Alipanda mnazi bila kamba, anakanyaga vidato tu, zile pengo zilizochongwa shinani, kama mtu anayepanda ngazi ya kwake. Mimi na yeye tulikuwa watani. Alipouona ule ukuta akauzunguka, akaugonga kwa panga.

"Shemeji, umemjengea nani kaburi?"

"Kunguru."

"Si uliambiwa udongo? Wewe mwenyewe ulinihadithia."

"Wewe ni mtu wa juu ya mti. Mambo ya chini niachie mimi."

"Haya, tajiri. Mawe yako yakikutukana usiniite niamue."

Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuangua, amekaa upande wa kulia wa ukuta, mbali kidogo, akifua nazi kwa kifuo, ule mti wenye ncha wa kutolea makumbi. Nikapanga makopo mbele ya ukuta. Akaniuliza kama aondoke. Nikamwambia, "Fua nazi zako. Ukuta upo."

Risasi ya tatu ilikosa kopo. Nikasikia mvumo mwembamba kama wa mbu, kisha nazi ikaanguka kutoka kwenye kifuo, ikabiringika. Shemeji alikuwa ameketi vilevile, kiganja juu ya jicho la kulia.

"Hebu nitazame," alisema polepole. "Kuna nini hapa?"

Jicho halikupona. Na mkwezi wa jicho moja hawezi kazi, kidato anakiona karibu kumbe kiko mbali. Alijaribu mara moja. Alifika urefu wa mtu, akashuka, akaenda kunawa miguu kana kwamba amemaliza.

Kabla ya hayo, polisi walimkuta kitandani hospitalini, wakamuuliza ilivyokuwa. Akasema, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Wakaandika ajali. Wakanigeukia mimi, mimi mwenye maneno kwa kila jambo, nikasema, "Kadari."

Bunduki niliirudisha mwenyewe. Siku nilipoubomoa ukuta nililiona jiwe lenyewe. Lilikuwa na mchirizi wa rangi ya risasi, urefu wa kidole, umeteleza juu tu. Haukuzama hata unene wa ukucha. Nikakaa chini. Miaka yote hiyo nawaambia wateja wangu kwa kinywa hiki: tumbawe likitoka timboni ni laini, likikaa juani na mvuani linakuwa chuma. Hakuna mtu pwani nzima aliyelijua hilo kuliko mimi.

Nikamwendea. Alikuwa barazani kwake anasuka makuti, uso kaugeuza upande ili aone mikono yake.

"Shemeji, haikuwa kadari. Uliniambia. Ni mimi."

"Najua."

"Mbona ulisema vile?"

"Kwa ajili ya dada yangu. Sikutaka mumewe alale korokoroni." Akavuta ukuti mwingine. "Sikuwa nikikuonea huruma wewe."

Nikangoja anitanie. Neno moja tu, hata tusi. Akaendelea kusuka, mwishowe nikaaga.

Nazi zangu sasa anaangua mtu mwengine, na kamba. Shemeji tukikutana msikitini hunipa mkono, huniuliza hali ya nyumbani, hunijibu salamu mpaka mwisho wake. Hana kosa hata moja. Ila miaka ishirini aliniita tajiri, huku ananicheka mbele za watu, nami nikikasirika kidogo. Siku hizi huniita Bwana.